Kamba za Kumshushia Wifi Aikande

Niseme mapema kabla hamjaniuliza: ni mimi niliyekata zile kamba. Si panya, si mwanangu Anaeli, wala si watu wa Kirua kama wengine walivyotaka kusema ili kunisitiri. Ni mimi, mjane wa Mzee Ndewario, ninayejulikana mtaa mzima wa kwetu Machame kwa kuwafokea wanawake wenzangu wakirudisha sufuria za msiba zikiwa na ukoko. Nilichukua mkasi wa kushonea nikakata mali ya wafiwa, nikachoma ncha zake kwa kibiriti zisichambuke (maana hata katika kuharibu nataka kazi safi), halafu nikasali, nikalala usingizi mzuri kabisa. Huo usingizi mzuri ndio unaoniuma kuliko yote.

Kamba zenyewe ni hizi. Mtaani kwetu tuna chama cha kuzikana, na chama kina vyombo vyake: sufuria kubwa, turubai, mabenchi, na kamba mbili za kushushia jeneza kaburini. Marehemu mume wangu ndiye aliyezitafuta, zile za kufungia mizigo kwenye malori, nyeusi, bapa, pana kama kiganja, wanaume wanne wakizivuta hazilalamiki. Kila moja ilikuwa pima nne kwa mikono yake, na mikono yake ilikuwa mirefu. Yeye ndiye alikuwa mtunza vyombo, na kila baada ya maziko alizifua, akazianika juu ya ua wetu wa masale, ile mimea yetu ya mipaka, akazikunja, akazirudisha kwenye sanduku la bati. Alipokufa zikamshusha yeye. Nikazifua, nikazianika palepale juu ya masale, nikazirudisha sandukuni, na ufunguo ukabaki kwangu. Hakuna aliyenichagua. Lakini nani angethubutu kuja kuuomba?

Kitu cha pili alichoniachia ni gari. Gari dogo jeupe la zamani, linamzidi Anaeli umri, na Anaeli sasa ana upara. (Huyu Anaeli ni kitinda mimba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, analipenda hilo gari kuliko baadhi ya ndugu zake.) Halina redio, halina kiyoyozi, na halikuwa na mkanda hata mmoja, kwa sababu lilipotengenezwa huko lilikotoka watu walikuwa bado wanashika dashibodi na kumwomba Mungu. Mume wangu alizoea kusema gari hili halikuzaliwa na mikanda na haliwezi kufundishwa uzeeni, sisi tunacheka. Tuliendelea kucheka hata baada ya kumdondosha dada yake.

Ndiyo, tulimdondosha. Aikande, dada pekee wa mume wangu, aliyeolewa Kirua Vunjo kwa Wakatoliki, alikuwa amekuja kwetu kwa ubatizo wa Anaeli. Tulikuwa tunateremka kwenda kanisani, mume wangu anaendesha, mimi na wifi tumekaa nyuma, mtoto mapajani mwangu, nikamwambia, "Wifi, hamia mbele, hapa mtoto hapati hewa." Mlango wa mbele ulikuwa na kitasa kibovu. Nilijua, sote tulijua, anayekaa pale anaushika kwa mkono. Kwenye kona Aikande akaachia mkono ajifunge kitambaa chake vizuri kichwani, mlango ukafunguka, na wifi yangu akatoka kama gunia linavyotoka kwenye mkokoteni. Nyonga ikavunjika. Akatembea na fimbo tangu siku ile mpaka anakufa, miaka zaidi ya arobaini, na hakuwahi kunitupia neno, ila akishaonja mbege, pombe yetu ya ndizi, husema, "Hawa ndio walionidondosha kama mkungu wa ndizi," watu wanacheka, na mimi nacheka nao huku naitazama fimbo.

Mwaka huu akaugua. Nilikwenda Kirua kumwona, nikamkuta amekuwa mdogo kitandani kama mtoto wa shule.

"Wifi," akaniambia, "zile kamba zilizomshusha kaka yangu bado unazo?"

"Ninazo."

"Basi ndizo zinishushe na mimi. Nilimwangalia siku ile. Alishuka vizuri, polepole, kama mtu anayelazwa. Mniteremshe hivyohivyo." Akacheka na meno yake mawili. "Safari hii msinidondoshe, eh?"

"Nani akudondoshe? Mimi nipo."

Nilimwambia hivyo huku nimemshika mkono. Mimi nipo.

Alikufa Jumatatu. Maziko yakapangwa Jumamosi. Jumatano mimi na Anaeli tukashuka na gari kwenda Kirua kukaa na wafiwa na kupanga mambo, na kwenye lami, kabla hatujafika Moshi, trafiki akatupungia tusimame. Mwanamume mnene, mpole, kofia imemkaa vizuri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mikanda yenu iko wapi?"

Anaeli akatoka nje ya gari kabisa, na mimi nikajua leo tutafundishwa somo zima. "Afande," akasema, "gari hili ni la kale. Limetoka kiwandani bila mikanda, halina hata mahali pa kuifungia. Huwezi kulidai gari kitu ambacho halikuzaliwa nacho."

Afande akalizunguka gari lote, akaligonga boneti kwa heshima. "Mwalimu," (sijui alijuaje ni mwalimu, labda kwa kidole alichokuwa akinyooshewa) "hata mimi sikuzaliwa na viatu, lakini kazini siji pekupeku. Viti vya mbele mkanda lazima. Kama gari halina, fundi anaweka. Leo nawaonya tu kwa sababu namwona bibi ana msiba usoni. Siku nyingine nisilione hapa hivi."

Basi hapo ndipo kila mtu alipogeuka hakimu. Jirani mmoja akasema magari ya zamani yamesamehewa, mwingine akasema yamesamehewa yakikaa uani tu, mwingine akasema dereva ndiye anayefunga, abiria ni hiari yake, na katika wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuiona sheria yenyewe. Anaeli akampigia fundi wa Majengo, fundi akasema kazi hiyo anaijua, inataka kuchomelea vyuma kwenye bodi, lakini mpaka Jumatatu. Na Manka, binti mkubwa wa Aikande (mtu mzima mwenzangu sasa, ila huniita Mama kwa vile nimeolewa na mjomba wake), akapiga simu akasema, "Mama, msihangaike na hilo gari la makumbusho, nitawatumia gari lenye kila kitu liwachukue mlangoni."

Nikakataa. Nikasema gari la kaka yake Aikande ndilo litakalomsindikiza. Mnanijua nikishasema.

Ijumaa jioni jua likiwa bado lipo nikazitoa zile kamba sandukuni zipigwe upepo, nikazitandaza juu ya masale kama alivyofanya mzee, nikarudi nyuma kuzitazama. Nyeusi, bapa, laini. Nikasema moyoni, kumbe hizi ndizo! Hivi ndivyo ilivyo mikanda ya teksi za mjini, sura moja kabisa. Nikaanza kupiga hesabu, maana nilisoma mpaka darasa la nne na hesabu niliipenda. Kaburi ni kimo cha mtu, yaani pima moja. Kamba ni pima nne. Nikitoa pima moja na nusu kwa kila kamba zinabaki mbili na nusu, na bado zinazidi kaburi zaidi ya mara mbili. Nani atajua? Na hata wakijua, si ni za mume wangu?

(Hazikuwa za mume wangu. Zilikuwa za mtaa. Ningemsikia mtu mwingine anasema hivyo ningemfokea mpaka ng'ombe wangegoma kula.)

Nikakata. Nikachoma ncha. Kila kipande nikakizungusha nyuma ya kiti cha mbele, ncha zikakutana kwa mbele tayari kufungwa, kimoja cha dereva na kimoja changu, na zilizobaki nikazikunja vizuri kwenye mfuko.

Asubuhi Anaeli akafungua mlango akasimama.

"Mama, hii mikanda umeitoa wapi?"

"Ulitaka mikanda, mikanda hiyo. Washa gari."

Akaishika, akaigeuza, akaichungulia ile ncha iliyoungua. Akakohoa. Mtoto wangu namjua, akikohoa bila kikohozi amejua jambo. Lakini naye akaingia, akajifunga, akawasha gari, kwa sababu nimemlea kuniogopa na siku ile malezi yangu yalinilipa.

Tukateremka. Yule afande mnene hakuwapo, alikuwapo askari mwanamke, mwembamba, macho makali. Akainama dirishani kwangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akanyoosha mkono akalishika fundo tumboni kwangu. "Bibi, hili si fundo la kufungia ng'ombe?"

"Ndilo. Na ng'ombe wangu hawajawahi kupotea."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akashika mgongo wa kiti changu akautikisa, kiti kikacheza na mimi juu yake, mtandio ukanishuka usoni. "Umeona? Umejifunga kwenye kiti, na kiti chenyewe kimelegea. Mkigonga kitu mnaruka wote wawili, wewe na kiti. Mkanda wa kweli unashikwa na bodi ya gari, bibi. Na gari likipinduka, fundo hili atakufungulia nani?"

Nikamwambia mambo ya kupinduka atuachie, sisi tuna haraka.

"Haraka ya wapi?"

"Kuzika. Wifi yangu."

Akasimama wima. Akatazama barabara, akatutazama sisi. "Pole sana, bibi. Nendeni, ila mwende polepole. Mngesema tu kwamba mna msiba. Leo ningewapitisha hata bila vitambaa hivi."

Mngesema tu. Wenzangu, tuliondoka pale nikiwa nimenuna, nikijiambia huyu binti ana mdomo, kumbe lile neno lake lilikuwa limetangulia Kirua linanisubiri.

Tukapita Moshi, tukaiacha lami, tukapanda Kirua, tukafika tumechelewa. Misa imekwisha, watu wamejaa kwenye kihamba, lile shamba la nyumbani, kaburi limechimbwa katikati ya migomba karibu na la mumewe. Anaeli akaliegesha gari pembeni palepale ili lionekane (tulitaka lionekane, Mungu atusamehe). Nikamkabidhi mfuko shemeji wa marehemu, Mzee Kiwia, mbele ya watu, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi sadaka. "Hizi ndizo alizoomba," nikasema. Wanawake wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikapewa kiti cha mbele.

Mzee Kiwia hakuzipima. Kwa nini azipime? Zimetoka kwangu.

Padre akaanza kusali. Nikamwona kijana mmoja wa waliochimba, alikuwa bado ndani ya kaburi anafagia udongo wa mwisho, na kilichoonekana juu ni jembe tu alilolinyoosha lipokewe, kisha avutwe atoke. Udongo wa Kirua laini, na vijana walikuwa wamechimba kwa mapenzi, kupita kimo cha mtu. Halafu nikaona zile kamba zikitandazwa. Zikapitishwa chini ya jeneza, mtu upande huu, mtu upande ule, wanaume wanne, kila mmoja na ncha yake. Na pale, nimekaa, mikono mapajani, ndipo hesabu ikakaa sawa kichwani. Kamba ya jeneza haishuki tu ikaisha. Inashuka upande huu, inapita chini, inapanda upande wa pili, na bado lazima ibaki ya kuzungusha mkononi. Mimi nilikuwa nimepima kaburi mara moja. Kaburi linapimwa mara mbili.

Muda ulikuwepo. Msidhani haukuwepo. Padre alisoma, akanyunyiza maji, kwaya ikaimba ubeti wa kwanza na wa pili na wa tatu, na kati ya kila ubeti kulikuwa na nafasi ya mwanamke mzee kunyanyua mkono na kusema, ngojeni, kamba ni fupi, leteni nyingine. Kila nyumba pale ina kamba za ng'ombe. Ingekuwa aibu ya dakika tano. Nikawaza, labda zitatosha. Nikawaza, wanaume hawa warefu. Nikawaza, nikisema wataniuliza kwa nini. Na nikakaa kimya, mimi ambaye kunyamaza sijawahi kujua.

Wakaanza kushusha. Mwanzo alishuka vizuri, polepole, kama alivyotaka.

Halafu jeneza likasimama.

"Legezeni," akasema Mzee Kiwia.

"Zimekwisha."

"Zimekwishaje? Legeza, wewe!"

"Zimekwisha, baba. Sina kitu mkononi."

Wakainama. Wakapiga magoti. Wakalala kifudifudi na suti zao kwenye udongo mwekundu, mikono ndani ya kaburi, wanaume wazima wanne, matako juu, na mtu mmoja nyuma ya migomba akacheka kidogo kwa pua, mnajua kile kicheko kinachomtoka mtu hata msibani, kisha akanyamaza ghafla. Kwaya ikaendelea kuimba, halafu sauti moja ikaacha, na nyingine, mpaka akabaki mama mmoja peke yake, halafu na yeye akaacha.

"Nashindwa," akasema mmoja wao. "Inaniteleza, inani—"

Ikamteleza upande wa kichwani.

Ile sauti sitawaelezea. Ilikuwa sauti ndogo tu, urefu wa mkono hauleti sauti kubwa, lakini mimi naisikia nikimwaga pumba kwenye hori la ng'ombe, naisikia mlango wa stoo ukijifunga. Jeneza halikupasuka, nashukuru. Liliegama, kichwa chini, miguu juu.

Na Manka akalia. Hakuita Mungu, hakuita mama. Alisema, "Mmemdondosha tena!"

Tena. Watu wa Kirua wote walikuwa wanajua ile hadithi ya mkungu wa ndizi.

Zikaletwa kamba za ng'ombe, zina harufu ya zizi, kijana akashuka kaburini, wakamweka sawa. Wifi yangu, aliyekuwa amechagua kamba zake mwenyewe, akamaliziwa safari kwa kamba ya ndama. Na Mzee Kiwia alipozivuta zile zetu nje akaitazama ncha, akaipitisha kidoleni, akainyanyua watu waone.

"Hii haikuoza. Hii imekatwa. Ikachomwa na moto. Nani kakata kamba ya mazishi?"

Watu wa mtaa wetu waliokuja na basi wakatazamana. Na Anaeli, mwanangu mwenye upara, akapiga hatua mbele akasema, "Ni mimi, baba."

Nikamwacha. Hapo ndipo ninapotaka kuwaambia ukweli wote, hata kama mtanidharau. Nilimwacha mtoto wangu asimame pale, kwa muda wa kama kusali Baba Yetu, watu wakimtazama, na moyo wangu ukasema, yeye ni mwanamume, ni kijana, itampita. Kisha nikamwona anavyojifuta mikono kwenye suruali, vilevile alivyokuwa akifanya akiwa darasa la pili anasubiri fimbo, na magoti yangu yakaniinua.

"Mwongo huyo," nikasema. "Ni mimi. Nilikata jana, kwa mkasi."

"Kwa nini, mama?" Mzee Kiwia hakufoka. Afadhali angefoka.

"Gari halina mikanda. Askari alisema tusipite bila mikanda."

Vichwa vyote vikageuka kuelekea gari. Lilikuwa pale pembeni, jeupe, limeoshwa, milango iko wazi kwa sababu ya joto, na vile vipande viwili vinaning'inia kwenye viti mbele ya watu wote.

"Kwa ajili ya gari?" akauliza.

Nimelijibu swali hilo mara nyingi sana tangu siku ile, jikoni, shambani, kanisani katikati ya mahubiri. Nina majibu mazuri. Siku ile nilikaa tu tena kwenye kile kiti cha mbele nilichopewa.

Hakuna aliyenitukana. Nikapewa chakula kama wengine, mtori wa ndizi na nyama umeiva vizuri, nikampa mtoto aliyekaa karibu yangu. Tulipokuwa tunaondoka Manka akaja garini. Akafungua vile vipande kwenye viti, taratibu, fundo kwa fundo, akavikunja, akaniwekea mapajani.

"Mama, msisahau mali yenu."

Nikarudi Machame nimekaa kiti cha nyuma, palepale nilipokaa siku ile ya ubatizo. Anaeli aliendesha polepole mpaka nyumbani.

Jumatatu fundi wa Majengo akaweka mikanda ya kweli, akachomelea vyuma chini na kwenye nguzo za milango, akafunga kwa nati, hata ukivuta na ng'ombe wawili haitoki. Ilimchukua asubuhi moja. Asubuhi moja! Miaka zaidi ya arobaini tuliambiana gari hili halikuzaliwa nayo, na kilichotakiwa ni asubuhi moja ya fundi. Aikande angekuwa na nyonga yake.

Chama nikakipelekea kamba mpya na ufunguo wa sanduku. Mwenyekiti akapokea, akasema pole. Wanawake wakaja kunisalimu, wengine na maziwa, wote wanaongea habari za mvua, ila Mama Eliudi, ambaye mwaka juzi nilimrudisha na sufuria yake mara mbili mbele ya wageni, alipokuwa anaaga mlangoni akasema kwa sauti tamu kabisa, "Mama Anaeli, yangu ilikuwa ukoko tu." Nikamwambia, ni kweli, mama. Ukoko tu.

Baada ya mwezi nikakata kipande cha isale kutoka ule ua wetu, chenye shina na majani, nikaenda Kirua. Kwetu mtu akiwa amekosa sana haendi na maneno mengi, anapeleka isale, na anayepelekewa si desturi kukataa. Manka alinikuta mlangoni nimekishika kwa mikono miwili. Akayagusa majani yake kwa kidole.

"Mama, mimi sikipokei," akasema. "Si kwamba nakataa. Lakini aliyeanguka si mimi. Mpelekee mwenyewe."

Akanipa jembe dogo, akanitangulia mpaka kaburini. Nikapiga magoti (ilichukua muda, na kuinuka kukachukua muda zaidi, Manka akinitazama bila kunipa mkono, na alikuwa na haki), nikachimba upande wa kichwani, upande ule ulioanguka, nikakipanda. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima. Yaliyonitoka ni haya: "Wifi, nilikuambia nipo. Nilikuwepo. Nikanyamaza."

Sijui kama kimeshika. Manka hajapiga simu, na mimi simuulizi. Isale ni mti mgumu, hushika hata kwenye changarawe, kwa hiyo kisiposhika nitaelewa.

Sasa nikipanda gari nafunga mkanda kabla Anaeli hajageuza ufunguo, hata tukiwa tunakwenda kanisani tu, na yeyote anayekaa mbele bila kufunga gari haliondoki, hata awe mchungaji. Mkasi wangu nimeugawa. Sitakata tena kamba ambayo upande wa pili imeshikwa na mtu mwingine, na nikiona jambo linaharibika nitasema, hata kama padre yuko katikati ya sala. Na Anaeli nimemwachia agizo moja tu la siku yangu, nikamfanya alirudie mbele yangu mara mbili kama mtoto wa shule: pimeni kamba kwanza. Mpime kwenda na kurudi.